Kreti Tatu za Nyungunyungu

Walifika kwa bodaboda Jumamosi moja asubuhi, ndani ya kiroba kilichofungwa mdomo kwa kamba ya katani. Kilo tatu. Mama alikuwa ameshaandaa kreti tatu za plastiki, zile za kubebea mikate, akazitandika magazeti ya zamani aliyoyaloweka usiku kucha na makumbi aliyoyaomba kwa muuza madafu. Alipofungua kiroba alirudi nyuma hatua moja. Kisha akacheka, akaingiza mkono.

"Kumbe ni nyungunyungu," alisema. "Wewe ulisema minyoo."

Kweli nilisema minyoo. Wiki nzima nilikuwa nikisema minyoo, kwa sababu ndivyo tangazo nililoliona kwenye simu lilivyosema. Lakini kwa Mama mnyoo ni wa tumboni, ni jambo la kumpeleka mtoto zahanati akapewe dawa. Nyungunyungu ni yule wa udongoni, anayetokea mvua ikinyesha na kuwafurahisha kuku. Wazee walioipa lugha yetu maneno haya mawili waliona tofauti ambayo mwenye tangazo hakuiona, ingawa nao hawakumwonea huruma sana kiumbe huyu: nyungunyungu ni pia jina la vidonda vya katikati ya vidole vya miguu, vinavyowapata wanaokanyaga matope. Kwa miaka mingi amekuwa akisingiziwa ugonjwa asiouleta.

Bei yao ilikuwa laki nne na nusu, pamoja na usafiri. Fedha hizo zilitoka kwenye kikoba cha Mama, akinamama ishirini na wawili wa mtaani kwetu wanaokutana kila Jumapili jioni chini ya mwarobaini. Muuzaji aliahidi kurudi baada ya miezi mitatu na kuwanunua wote watakaokuwa wamezaliwa, kwa kilo. Alikuja na mkataba wa karatasi mbili wenye mhuri wa bluu. Mama hakuutazama ule mkataba. Alinitazama mimi, niliyesoma hadi chuo kikuu. Nikausoma, nikamwambia uko sawa.

Mwezi wa tatu ulipofika, simu ya yule mtu haikupatikana. Mwezi wa nne haikupatikana pia. Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia ya nyungunyungu, na sitasingizia kwamba nilitafuta suluhisho. Nilitafuta mahali pa kujificha. Mtu aliyesoma akiaibika hukimbilia kitabu.

Nikamkuta mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akiwafuga ndani ya nyumba yake.

Charles Darwin tunamjua kwa jambo jingine. Shuleni tulifundishwa jina lake pamoja na nyani, mwalimu akaongeza upesi kwamba haya ni kwa ajili ya mtihani tu. Hakuna aliyetuambia kwamba kitabu chake cha mwisho, kilichotoka Oktoba 1881, miezi michache kabla ya kifo chake, kilihusu nyungunyungu tangu mwanzo hadi mwisho. Tena hakikuwa kitabu cha uzeeni tu. Jambo lenyewe lilimkaa moyoni tangu akiwa kijana wa miaka 28, alipotoka kuzunguka dunia kwa miaka mitano na meli ya Beagle. Alikwenda kumsalimu mjomba wake, Josiah Wedgwood, kijijini Maer. Mjomba akamtembeza malishoni, akamwonyesha kwamba chokaa na majivu ya makaa yaliyomwagwa juu ya majani miaka kadhaa nyuma sasa yalikuwa chini ya ardhi, yamefunikwa na udongo laini. Hakuna mtu aliyekuwa ameyafukia. Mjomba alidhani ni kazi ya nyungunyungu. Kijana akaichukua dhana hiyo, na tarehe 1 Novemba 1837 akaisoma mbele ya Chama cha Jiolojia cha London.

Mwingine angeishia hapo. Darwin alihamia kijiji cha Downe, katika jimbo la Kent, mwaka 1842, na Desemba ya mwaka huohuo akatawanya vipande vya chaki nyeupe juu ya shamba karibu na nyumba yake. Kisha akasubiri. Alizaa watoto, akazika baadhi yao, akaandika kile kitabu kilichoitikisa dunia, akazeeka. Mwishoni mwa Novemba 1871, miaka 29 baadaye, alichimba mtaro kukatisha shamba lile. Mstari mweupe wa chaki ulikuwa inchi 7 chini ya majani, sawa na sentimita 18 hivi. Nilipiga hesabu kwenye simu: milimita 6 kwa mwaka, pengine na ushee.

Mimi nilikuwa nimesubiri miezi mitatu na nilishaanza kutukana.

Kinachonivutia zaidi ni vile vyungu. Alijaza udongo ndani ya vyungu, akawaweka nyungunyungu humo, akavihifadhi katika chumba chake cha kusomea. Usiku aliwatazama kwa taa aliyoifunika kioo chekundu, kwa kuwa mwanga mkali huwafukuza ingawa hawana macho. Aliwapa kabichi, karoti, majani ya figili, vitunguu, akaona kwamba wana mapenzi yao katika chakula. Alitaka kujua kama wanasikia. Basi wakapulizwa filimbi ya chuma, wakapulizwa zumari kubwa liitwalo basuni, wakapigiwa kelele, wakapigiwa piano. Hawakujali hata kidogo. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano yenyewe na noti moja ya chini ikagongwa, wakajivuta mashimoni mara moja. Hawasikii sauti, wanahisi mtikisiko.

Halafu majani. Alichomoa majani makavu 227 kutoka kwenye mashimo ya nyungunyungu, akahesabu namna yalivyoingizwa. 181 yalikuwa yamevutwa kwa ncha, upande mwembamba unaopita kirahisi. Akajiuliza kama ni mazoea au ni akili. Akakata karatasi za pembetatu, zaidi ya 300, akawatawanyia. Nyingi zilivutwa tena kwa ile pembe nyembamba. Mzee wa miaka zaidi ya 70, mwenye jina duniani kote, ameketi anawakatia nyungunyungu karatasi.

Nami nilijaribu. Nilikata pembetatu kutoka kwenye daftari, nikazipanga juu ya kreti, nikakaa macho hadi saa nane usiku. Hakuna hata moja iliyosogea. Kesho yake nilisoma na kuelewa: wale wa Darwin ni wa aina ya wachimbaji, wanaoishi kwenye shimo refu na kutoka usiku kuvuta majani. Wetu ni wale wekundu wembamba wa kwenye samadi, wanaoishi juujuu na kula kinachooza palepale walipo. Hawana shimo, kwa hiyo hawana cha kuvutia ndani.

Wapo waliomcheka Darwin. Mwaka 1869 mtu mmoja aitwaye Fish aliandika kupinga hoja yake, kwamba viumbe wadogo na dhaifu namna hii hawawezi kufanya kazi kubwa anayowapa. Darwin alimjibu kitabuni kwa upole wenye meno: kosa la mtu huyu ni kushindwa kujumlisha matokeo ya kitu kidogo kinachojirudia bila kukoma. Kisha akajumlisha yeye. Katika maeneo mengi ya Uingereza, alisema, zaidi ya tani 10 za udongo kwa kila eka hupita matumboni mwao kila mwaka na kuletwa juu. Hawana meno. Wana firigisi, kama kuku, na humeza vijiwe vya kusagia.

Nilimsimulia Mama haya akiwa anapanga mkaa. Nilitaka acheke. Badala yake aliuliza kama huyo mzee aliwahi kufika Uluguru.

Mama ni Mluguru wa Matombo, upande wa mashariki wa milima. Anayefika huko kwa mara ya kwanza huambiwa maana ya jina hilo na kuonyeshwa mawe mawili yaliyosimama pamoja kama kifua cha mwanamke, na kila mgeni hujifanya ndiyo kwanza anaelewa. Bibi bado yupo huko, katika ardhi ya ukoo, ambayo kwetu hufuata upande wa mama. Na Bibi ana hadithi moja anayoisimulia kila tunapokwenda, ya matuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Hofu yao haikuwa ya uongo. Milima ile ni mikali, watu walikuwa wameongezeka, mvua ilikuwa ikishusha udongo mitoni, na maji ya mito hiyo yalikuwa yakihitajika huko chini. Dawa waliyoichagua ni matuta ya ngazi. Watu walilazimishwa kuyachimba, asiyechimba akatozwa faini au kufungwa, na machifu wakafanywa wasimamizi wa kazi waliyojua kuwa inachukiwa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo matuta ya lazima yakaachwa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na habari za milima ile zilifika mbali.

Vitabu vya historia huieleza ghasia ile kama hatua katika safari ya uhuru, na ni kweli. Bibi haielezi hivyo. Bibi huanza na udongo. Anasema udongo mweusi pale kwao haukufika hata shubiri moja, na chini yake kulikuwa na ule mwekundu usiootesha kitu. Ukichimba tuta la ngazi kwenye mteremko, unaukata mlima: mweusi unafukiwa, mwekundu unatoka nje kuchekwa na jua. "Ni kama kugeuza kitanda," husema, "godoro likae chini, wewe ulalie chaga." Mahindi yaliyopandwa kwenye tuta yalitoka ya njano. Watu hawakukataa kazi, maana Waluguru wanalima miteremko ambayo mbuzi mwenyewe hufikiria mara mbili. Walikataa kulalia chaga.

Wataalamu walioandika baadaye juu ya mpango ule walikiri jambo hilohilo kwa maneno mazito zaidi: udongo wa juu ulikuwa mwembamba, na matuta ya aina ile hayakufaa. Ningetamani mmoja wao angekwenda kwa Bibi kabla, si baada.

Nilirudia hesabu yangu. Kwa mwendo wa shamba la Darwin, shubiri moja ya udongo laini ni kazi ya zaidi ya miaka 35. Najua Kent si Matombo. Mvua ni nyingine, mteremko ni mwingine, na huku kwetu mchwa nao wana sehemu yao kubwa katika kuugeuza udongo. Lakini nilipomwambia Mama ile namba, aliacha kupanga mkaa. Alihesabu kwa vidole tangu mwaka ule wa risasi hadi mwaka aliozaliwa mdogo wake wa mwisho, kisha akasema kwamba kuna kipande cha shamba la Bibi, kile kilichokatwa matuta, ambacho walianza kukilima tena yeye akiwa msichana mkubwa. Kabla ya hapo watoto walikatazwa hata kukanyaga. Bibi alikuwa akirundika majani ya migomba pale na kuyaacha.

"Alikuwa anawalisha," Mama alisema.

Sijui kwa nini sentensi ile ilinifanya nijisikie vibaya zaidi kuhusu ule mkataba.

Kuhusu mikataba ya aina ile, historia ni fupi na inajirudia. Miaka ya 1970 Marekani ilipitia homa yake ya nyungunyungu. Wauzaji waliwauzia watu mbegu kwa bei ya juu na kuahidi kuwanunua watakaozaliwa, na watu wakageuza magereji yao kuwa mazizi. Ilivyokuja kudhihirika, mnunuzi mkubwa wa nyungunyungu alikuwa mfugaji mpya, na mnunuzi wa yule mpya alikuwa mpya zaidi. Wafugaji wapya walipoisha, biashara ikaisha. Msomaji anayekumbuka kware hahitaji nimfafanulie. Mwaka 2013 na 2014 mayai ya kware yalikuwa dhahabu nchini Kenya, na huku kwetu nako tulijenga vibanda. Baada ya muda tukawala kware wenyewe. Nyungunyungu hata kuliwa haliwi.

Haikuwa lazima iende hivyo. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, mjini Kalamazoo katika jimbo la Michigan, alikuwepo mwanamke aitwaye Mary Appelhof aliyewahi kufundisha biolojia. Mwaka 1972 aliagiza nyungunyungu wekundu, akawaweka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake ili wamle takataka za jikoni wakati wa baridi. Mwaka 1982 alichapisha mwenyewe kitabu kidogo juu ya jambo hilo, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kitu kama "Minyoo Wanakula Taka Zangu". Hakumwahidi mtu utajiri. Alimwahidi ndoo ya taka inayopungua na udongo wa kuweka kwenye maua. Ningekisoma kitabu kile kwanza, kabla ya tangazo, Mama angehitaji kiganja kimoja cha nyungunyungu na beseni lililotoboka.

Desemba wakaanza kufa. Kosa lilikuwa langu tena. Nilikuwa nimezihamishia kreti kwenye banda la uani, chini ya bati, nikiogopa mvua. Joto la Dar es Salaam la Desemba chini ya bati si la kuelezwa. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo sharti iwe mbichi. Wale wekundu hustawi kwenye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 25, na wakifika 35 hawana msaada. Tulikuta wamejikusanya pembeni kwenye mfuniko, wakijaribu kutoka. Kreti mbili zilinuka kwa siku tatu. Mwenye nyumba alikuja kuuliza nani amekufa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya marejesho. Nilimsindikiza Mama hadi chini ya mwarobaini, nikakaa mbali kidogo na wanaume wanaosubiri wake zao. Mwekahazina aliposoma jina lake na kiasi anachodaiwa, Mama alisimama.

"Mama nanihii, ule mradi ulikuwa wa nini vile?" mwenyekiti aliuliza, na alijua.

"Nilinunua nyungunyungu," Mama akasema.

Walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka kwa muda mrefu. Mmoja aliuliza kama wanakamuliwa. Mama alisubiri wamalize, kisha akaomba miezi mitatu ya nyongeza na akakubali faini. Wangemuuliza nani alimshauri, angekuwa na haki ya kunyoosha kidole hadi nilipokaa. Waliuliza kweli. Akajibu kwamba alishauriwa na tamaa yake, akaketi.

Tulilipa kwa miezi tisa. Yeye kwa vitumbua, mimi kwa elfu thelathini kila mwezi kutoka kwenye posho ya kazi ya majaribio. Faini tulilipa kwa mara moja, nayo niliitoa mimi, na hilo ndilo jambo pekee katika mkasa huu ninalojivunia.

Kreti moja ilipona. Iko kwenye kivuli cha tangi la maji, ambako matone hudondoka siku nzima. Nyungunyungu waliobaki hula maganda ya ndizi, majani ya chai na mabaki ya mchicha. Chumvi, mafuta na maganda ya ndimu hawapewi. Kila baada ya miezi kadhaa Mama huchekecha udongo wao, mweusi, mwepesi, wenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na kuutia kwenye ndoo za mchicha zilizopangwa ukutani. Mwekahazina ameshakuja kuomba mara mbili. Mara ya pili alikuja na kopo akaondoka na nyungunyungu kumi, na Mama akakataa hela yake.

Nilipokwenda Matombo mwezi wa sita nilimbebea Bibi mfuko wa ule udongo. Baada ya kuitikia shikamoo yangu aliupokea, akaukamua ngumini, akanusa, akaniuliza kama kweli watu wa mjini wananunua hawa wadudu. Nikasema wengine wananunua. Akaumwaga kwenye shina la mgomba ulio karibu na mlango.

Bado jaribio moja nilikuwa sijalifanya. Hatuna piano, lakini jirani yetu ana sabufa inayotikisa vikombe vyetu kabatini. Jumamosi moja usiku, akiwa amesafiri na kutuachia ufunguo, nilimwita Mama. Niliweka nyungunyungu sita kwenye bakuli la udongo, nikalipa tochi ya simu kitambaa chekundu, nikasubiri hadi wakajinyoosha juu. Nilipiga kelele. Hawakujali. Nilipiga mluzi. Hawakujali. Kisha nikaliweka bakuli juu ya sabufa na kuwasha singeli.

Wote sita walijikunja kwa pamoja.

Mama aliinama karibu zaidi. Alikaa kimya, mwanga mwekundu usoni, hadi wimbo ukakaribia kwisha.

"Huyo mzee wako," alisema hatimaye, "nani alikuwa anamlipa kufanya haya?"

"Hakuna, Mama. Baba yake alimwachia fedha. Na mkewe naye alitoka kwenye familia ya matajiri."

"Ndiyo maana," akasema. "Haya, washushe baba, watapata presha."